Mizani Haioni Gramu 80

Kabla ya mtu kuilaumu miguu yake, afanye kwanza hesabu. Tuchukue mfano wa mwalimu wa kata ya Mbalibali, wilayani Serengeti, mwenye kilo 70, ambaye ameachana na bodaboda. Kutoka kwake hadi shuleni ni kilomita mbili na nusu, kwa hiyo kwenda na kurudi ni 5. Anatembea siku 5 za wiki, mwezi mzima. Anapanda kwenye mizani, mshale uko palepale. Wiki inayofuata umesogea mbele kidogo. Hapo ndipo wengi humwita tena dereva wao wa bodaboda.

Kutembea kilomita 1 humgharimu mtu takriban nusu kilokalori kwa kila kilo ya uzito wake, mbali na kile ambacho angetumia hata akiwa amekaa. Kilomita 5 za mwalimu wetu ni kilokalori 175. Swali ni kama zote 175 zinahesabika mwisho wa siku, na sehemu ya jibu lake ilitafutwa hapa hapa Tanzania, upande wa pili wa mbuga ya Serengeti.

Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi wamezoea kupigwa picha na watalii. Timu ya mtafiti Herman Pontzer, ambayo ndani yake alikuwamo Audax Mabulla wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliwaendea kwa jambo jingine: kupima nguvu ambayo mwili wa mwindaji na mchimba mizizi hutumia kwa siku. Huwezi kumfunga mtu kinyago cha kupimia pumzi kisha umwambie akawinde. Kwa hiyo waliwanywesha maji yaliyotengenezwa kwa hidrojeni nzito na oksijeni nzito, maji ambayo hayadhuru, kisha wakakusanya mikojo yao kwa siku 11. Ujanja wa njia hii ni kwamba hidrojeni hutoka mwilini kama maji tu, ilhali oksijeni hutoka kama maji na pia kama hewa ya ukaa. Ukijua kasi ya kila moja kupungua, tofauti yake inakupa kiasi cha hewa ya ukaa kilichotolewa, na kutokana na hicho unapata nguvu iliyochomwa. Umbali waliotembea ulipimwa kwa vifaa vya GPS.

Matokeo yalitoka mwaka 2012. Wanaume walikuwa wanatembea zaidi ya kilomita 11 kwa siku, wanawake karibu 6. Hata hivyo, ukubwa wa mwili ulipozingatiwa, jumla ya nguvu waliyotumia kwa siku haikutofautiana na ya watu wa Marekani na Ulaya wanaoshinda vitini. Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili unaofanya kazi sana hubana matumizi yake mahali pengine. Maelezo hayo bado yanabishaniwa, na waliopimwa walikuwa 30 tu, kwa hiyo mimi nisingeyabeba kama sheria. Uchambuzi mkubwa zaidi wa mwaka 2021, uliokusanya vipimo vya watu zaidi ya 1,700, ulikuja na kadirio la wastani: takriban asilimia 28 ya nguvu ya ziada unayotumia kwenye shughuli hufidiwa na mwili.

Turudi kwa mwalimu. Toa asilimia 28 kwenye 175, zinabaki 126. Kwa siku 5 ni 630. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina takriban kilokalori 7,700, kwa hiyo wiki nzima ya kutembea imeondoa gramu 80 hivi, ikiwa hakuongeza tonge. Kilo moja itamchukua wiki 12.

Sasa angalia kinachozizunguka gramu hizo. Uzito wa mtu mzima hupanda na kushuka kilo 1 au 2 kwa sababu ya maji, chumvi, choo, na kwa wanawake siku za mwezi. Halafu mazoezi mapya yenyewe huleta uzito. Misuli inayoanza kutumika huweka akiba zaidi ya sukari, na kila gramu ya akiba hiyo hushikana na takriban gramu 3 za maji. Akiba ikiongezeka gramu 100 tu, mizani inasoma karibu gramu 400 zaidi: wiki 5 za jasho zimefutwa machoni pake, na hakuna hata chembe ya mafuta iliyoongezeka. Kutafuta gramu 80 katika hali hiyo ni kutega sikio usikie mbu ndani ya mashine ya kusaga.

Ndiyo maana namshauri atumie kipimo kingine. Mazoezi hupunguza mafuta yanayozunguka ini na utumbo hata uzito unapogoma, na mabadiliko hayo huonekana kiunoni: futi ya fundi cherehani inatosha, asubuhi kabla ya chai, mara moja kwa mwezi. Zahanati itampima shinikizo la damu. Saa itamwonyesha kama njia ya shule imekuwa fupi kuliko zamani.

Kama anachotaka hasa ni kilo zishuke, aanzie kwenye kikombe. Kijiko cha chai cha sukari kina takriban kilokalori 16. Anayekunywa vikombe 3 kwa siku, kila kimoja vijiko 3, anapata 144, nyingi kuliko zile 126 alizozitembelea.

Lakini bodaboda asiirudie. Kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa, anatembea dakika 300 kila wiki. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 kwa mtu mzima. Amefika kileleni mwa kiwango hicho, mizani iseme itakavyo.