Juu ya neno «propaganda»

Kwetu Kolwezi mgombea akigawa vikwembe, watu wanasema propaganda. Mtu akisema uongo, propaganda vilevile. Uchaguzi wa 2023 ulipopita, wengine wakamwita hivyo hata katekista anayepita nyumba kwa nyumba. Tusikasirike upesi, ndugu. Neno limetoka kwetu: mwaka 1622 Papa Gregori XV aliliweka katika jina la baraza la Roma la kueneza imani. Na katika Kilatini asili yake ni shambani, tawi la mzabibu linalozikwa udongoni lipate kuota. Lakini mwenye propaganda anataka kura, hangoji maulizo. Katekista anayegawa unga kwanza, kisha anafundisha bila kusikiliza, watu wa mgodi hawakosei kumwita hivyo.