Miche ya Kujiotea Mbele ya Juri

Kazi ile ya staji, mafunzo ya vitendo, hapa Yangambi iliharibika siku enkadrere alipomruhusu finalisti wake, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, kuchimbua miche iliyojiotea chini ya michikichi ya tenera na kuitia kwenye viriba. Mliofika siku ya juri, jopo la watahini, mlikiona kibao: "Tenera". Kibao kile kilikuwa cha uongo, na aliyestahili kukizuia ni mtu mzima aliyepewa jukumu la kumwongoza kijana.

Mengine yalikwenda vizuri: kivuli cha makuti, umwagiliaji, palizi, safu zilizonyooka. Kijana ni mchapakazi.

Sasa turudi kwenye miche. Tenera ni chotara wa dura mwenye ganda nene la kokwa na pisifera asiye na ganda. Ukitaka tenera mtupu, chukua chavua ya pisifera, ipeleke kwenye ua la dura lililofungwa mfuko, ungoje mkungu. Chini ya tenera hupati tenera mtupu. Chavua ikitoka kwa tenera mwenyewe au kwa jirani aliye tenera, robo ya watoto ni dura, nusu ni tenera, na robo ni pisifera, ambao kwa kawaida mikungu yao huoza kabla ya kukomaa. Chavua ikitoka kwa dura aliyejiotea kichakani, nusu ya watoto wanarudi kuwa dura. Kwenye kiriba wote ni kijani kibichi, na macho hayawatofautishi. Mkulima atakuja kujua baada ya miaka mitatu au minne, wakati finalisti ameshaitia diploma yake ya serikali kwenye fremu. Hektari moja hubeba michikichi 143; robo yake ni kama 36. Hebu fikiria familia inayopalilia michikichi 36 isiyozaa, mwaka baada ya mwaka, ikidhani udongo ndio umechoka.

Utetezi nimeusikia: muda. Ni kweli, mbegu ya mchikichi ina usingizi mzito, huhitaji joto la karibu nyuzi 40 kwa wiki nyingi ndipo ikubali kuota, na mwaka wa shule haungoji. Lakini enkadrere aliyajua hayo tangu siku ya kuchagua mada. Angeweza kumtafutia mbegu zilizokwisha kuoteshwa, zenye wazazi wanaojulikana. Angeweza kumhamishia kwenye ndizi, maana dunia nzima inaijua ndizi ya Yangambi Km 5, na vipande vya tunguu la mgomba huchipua ndani ya wiki chache. Au angempa kisu na nyundo, apite mti kwa mti akipasua kokwa, akipima ganda na kuandika. Kazi hiyo ni ya majuma machache, haina gharama, na ingemfundisha kuliko viriba vyote vile.

Kinachoniuma zaidi ni mahali penyewe. INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kongo ya Kibelgiji, ilianzishwa mwaka 1933 na ikaifanya Yangambi kituo chake kikuu. Hapa hapa watafiti Beirnaert na Vanderweyen walipasua kokwa, wakahesabu uzao familia kwa familia, na mwaka 1941 wakachapisha ushahidi kwamba unene wa ganda hutawaliwa na jeni moja na kwamba tenera ni chotara. Kilimo cha michikichi kilibadilika hadi Malaysia na Indonesia kwa hesabu iliyofanyiwa hapa. Na kulikuwa na wafanyakazi wa Kikongo waliopanda miti ile, wakafunga maua mifuko na kulinda lebo zisichanganyike. Majina yao hayakuwekwa kwenye majalada, lakini nidhamu yao ndiyo ninayoilinganisha na kibao kile. Leo huko Kigoma, Tanzania, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga kinazalisha mbegu za tenera kwa wakulima. Sisi tulioanza tunaokota.

Juri nayo nimeilalamikia miaka mingi, na sitaacha. Inatembea kati ya safu, inahesabu viriba, inauliza maji yanamwagwa mara ngapi, inafungua ripoti kutazama jalada. Safari hii pia swali la kwanza la kitalu chochote halikuulizwa: mama wa miche hii ni yupi, na baba ni yupi? Finalisti angeshindwa kujibu, na kushindwa huko kungekuwa somo lake kubwa kabla ya mtihani wa serikali. Badala yake alipewa alama za juu na kupigiwa makofi.

Kibao kile king'olewe wiki hii. Miche isigawiwe kwa mkulima yeyote, wala isiuzwe sokoni. Shule ikiwa na kipande cha ardhi, iipande yote humo, kila mche na namba yake, na wanafunzi watakaofuata wazipasue kokwa za kwanza na kuihesabu hiyo robo kwa mikono yao.