"Nakala Halisi": Istilahi Inayojipinga

Mwaka 1967 ulizaa sheria mbili zinazotuhusu: ile iliyounda Baraza la Kiswahili la Taifa, na Sheria ya Ushahidi ya Tanzania. Hii ya pili iliandikwa kwa Kiingereza, na mizizi yake yatoka katika Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872. Tangu mwaka 2021, Kiswahili kilipofanywa kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki, wafasiri wamekabidhiwa kazi ya kuzifasiri kanuni za namna hiyo. Katika kazi hiyo, istilahi moja yastahili kuhakikiwa: "nakala halisi".

Istilahi hii imeenea mno. Twaikuta katika matangazo ya ofisi na katika barua rasmi, ikikusudiwa kutaja hati yenyewe iliyotiwa saini. Lakini nakala ni kile kilichonukuliwa kutoka katika kingine. Kuiita hati ya asili "nakala" ni sawa na kumwita mzazi mwana.

Katika mazungumzo ya kawaida kosa hili halina madhara makubwa. Mahakamani ni jambo jingine. Kanuni ya sheria ni kwamba yaliyomo katika hati yathibitishwe kwa kuileta hati yenyewe ili mahakama iikague. Nakala hupokelewa kwa masharti: kwa mfano, hati ikiwa mikononi mwa mpinzani, naye amepewa taarifa ya kuileta asiilete, au ikiwa imepotea ama imeharibika. Basi mkulima aliyeambiwa alete "nakala halisi" ya mkataba wa shamba aweza kutoa kivuli cha mkataba wake, akakipeleka kwa wakili kikagongwa muhuri, akaamini ametimiza alilotakiwa. Kumbe hati inayohitajika ameiacha sandukuni. Pingamizi likitolewa, kielelezo chake chaweza kukataliwa, ingawa haki yake haina dosari.

Wapo wanaoitetea istilahi hii kwa mfano wa mikataba. Wauzaji na wanunuzi huandika kwamba mkataba umefanywa "katika nakala mbili", zote zikatiwa saini, na kila moja ikawa halisi. Hoja hiyo ina uzito, kwani Sheria yenyewe huihesabu kila moja ya hati hizo kuwa ushahidi wa msingi. Hata hivyo, yaunga mkono maoni yetu: hati hizo zina hadhi sawa kwa sababu hakuna iliyotokana na mwenzake. Kwa hiyo jina la nakala haziliwezi.

Twapendekeza mgawanyo ufuatao. Iliyotiwa saini na wahusika iitwe "hati asili". Zilizotiwa saini zikiwa mbili au zaidi, kila moja iitwe "hati pacha". Chochote kilichonukuliwa kutokana na hizo kiitwe "nakala", na kikigongwa muhuri wa mwenye mamlaka kiitwe "nakala iliyothibitishwa". Muhuri huo washuhudia kwamba nakala yalingana na hati. Hauigeuzi kuwa hati asili.

Twatambua kwamba mazoea ni magumu kuyang'oa. Lakini fomu huandikwa upya na tafsiri za sheria zinaendelea kutolewa. Hatuna budi kuanzia hapo, ili aliye na mkataba sandukuni ajue bila kuuliza ni karatasi ipi aibebe.