Mashindano ya Maswali katika Shule za Marekani

Walimu wenzetu wengi huyasifu mashindano ya maswali, na baadhi yetu tumeyafanya darasani kwa mdomo tu, pasipo kengele. Huko Marekani yamekuwa mchezo wenye sheria zake. Yapo yale yaitwayo "It's Academic," yaliyoanza kuonyeshwa kwa televisheni mjini Washington mwaka 1961, shule tatu zikileta wanafunzi watatu watatu. Nasi tunataka kuupima mchezo huu, maana mtoto akicheza mchezo unaoitwa wa elimu, hujifunza humo elimu ni kitu gani.

Kazi iliyo bora twaiona katika mashindano ya chama kiitwacho NAQT, kilichoanzishwa mwaka 1996. Kila upande una wachezaji wanne. Katika swali, dalili ngumu hutangulia, nyepesi huja mwisho. Tuseme jibu ni Isaac Newton. Msomaji ataanza kwa kusema kwamba mtu huyu aliwekwa kuwa mwangalizi wa kiwanda cha sarafu cha serikali mwaka 1696. Kisha atataja kitabu chake juu ya nuru, cha mwaka 1704. Kisha kile cha mwaka 1687 chenye sheria za mwendo. Na mwisho kabisa, lile tofaa lililoanguka. Ajuaye sana hubonyeza kengele mapema, akapewa alama 15 badala ya 10. Akikurupuka akakosea kabla swali halijaisha, hukatwa 5. Twausifu utaratibu huu. Swali fupi hupima wepesi wa kidole, bali hili hupima wingi wa kusoma.

Walakini hapo hapo pana kasoro. Mtoto aweza kukariri kwamba ukisikia "sarafu" useme "Newton," akajipatia alama zake 15, wala asijue hata kidogo kwa nini jiwe huanguka. Chama chenyewe huchapisha orodha za mambo yaulizwayo mara kwa mara, na ni nani atakayewalaumu watoto wakizikariri? Jibu karibu kila mara ni jina: la mtu, la mto, la kitabu. Mwenye kufikiri polepole (nasi twawajua wanafunzi wa namna hiyo, wale wa kiti cha nyuma) hana nafasi.

Sehemu tuipendayo hasa ni ile ifuatayo. Kundi lililojibu vema hupewa maswali matatu zaidi, ya alama 10 kila moja, na hapo ni ruhusa kunong'onezana. Mmoja hutaja jambo, wa pili hulikataa, na pengine yule ambaye hajaigusa kengele tangu asubuhi ndiye mwenye jibu. Lakini muda wao ni sekunde tano tu! Mwalimu atakayeuleta mchezo huu shuleni kwake na aichukue sehemu hii kwanza, awape watoto dakika nzima, tena aongeze alama kwa yule awezaye kueleza kwa nini tofaa halikupaa juu.