Kwani Mimi Naharibu Picha?

Kamera yangu ni ndogo, zile za kisasa zisizo na kioo ndani, inaingia mfuko wa koti. Kabla sijabonyeza, inanionyesha mwanga utakavyotoka. Kwa hivyo sina kisingizio: kile ninachokiacha nje ya fremu, nimekiacha nikikiona.

Mwaka jana nilikuwa Magadi alfajiri. Ziwa jeupe, sehemu nyingine waridi, kimya kabisa. Mzee mmoja akatokea na mbuzi wake. Nikamwambia, "Shikamoo mzee. Samahani, pita kwanza nipige." Akasimama. "Kwani mimi naharibu picha?"

Sikuwa na jibu. Nilingoja akapita, nikapiga. Mtandaoni watu walimwaga laiki: ati Kenya ni paradiso. Hakuna aliyejua kwamba nyuma ya mgongo wangu kulikuwa na kiwanda, na kwamba magadi yamechimbwa pale zaidi ya miaka 100.

Huu ugonjwa si wangu peke yangu. Ansel Adams, Mmarekani ambaye wengi wetu tunamwiga hata bila kumjua, alipiga Yosemite kama vile hapajawahi kukaa mtu. Lakini mwaka wa 1851 wanaume wenye bunduki waliingia bonde lile kuwafukuza Waahwahneechee. Kwenye picha zake kuna miamba na mawingu tu.

Halafu, huyo huyo Adams, mwaka wa 1941, akasimamisha gari kando ya barabara huko Hernandez, New Mexico. Mwezi uko juu. Chini kuna nyumba, kanisa, misalaba ya makaburi. Kwangu hiyo ndiyo picha yake bora. Nyumba hazipunguzi ukubwa wa anga. Ni hiyo misalaba midogo inayofanya anga lionekane kubwa hivyo.

Sisi tunajua bei ya neno "tupu". Kwa mikataba ya 1904 na 1911 Wamaasai walihamishwa kupisha walowezi. Picha haisaini mkataba, sawa, lakini inazoesha macho kuona ardhi isiyo na mwenyewe.

Ninayo fremu nyingine ya asubuhi ile, niliyoibonyeza kwa bahati mbaya: mgongo wa mzee, vumbi la mbuzi, upeo umeinama kidogo. Nilikuwa karibu kuifuta. Sasa ndiyo iko ukutani kwangu, na ile ya paradiso nimeitoa.