Nyimbo za Jadi katika Filamu za Kihistoria: Pambo au Ushahidi?

Filamu inayosimulia zama zilizopita hukabiliwa na swali ambalo mavazi na majumba hayawezi kulijibu: watu wa zama hizo waliimba nini, na kwa sababu gani? Makala haya yanachunguza majibu mawili, moja la Kenya na jingine la Marekani, na kuyapima kwa kipimo kinachofahamika Majoreni, kusini mwa pwani ya Kenya.

Kipimo chenyewe ni hiki. Kwa Mdigo wa Majoreni, sengenya si mlio wa ngoma na zumari tu. Ina wachezaji wake, maneno yake na hadhira inayoyaelewa. Yakiondolewa maneno na shughuli iliyoyazaa, kinachobaki ni sauti ya mahali pasipo watu.

Out of Africa, filamu iliyoongozwa na Sydney Pollack mwaka 1985, inahusu Kenya ya kati ya 1913 na 1931. Muziki wake mkuu ulitungwa na John Barry, aliyepata tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo. Kwa upande wa muziki wa Kiafrika limetajwa jina la George Senoga-Zake, mzaliwa wa Uganda na mmoja wa wataalamu waliotayarisha wimbo wa taifa wa Kenya mwaka 1963. Wimbo huo wa taifa ulijengwa juu ya wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto. Lahani ya jadi ikapewa maneno mapya na kubebeshwa dhamana ya nchi nzima. Katika filamu, nyimbo za jadi hazikupewa dhamana ya namna hiyo. Mapenzi na majonzi ya Karen Blixen yanabebwa na okestra ya Barry, pamoja na Mozart. Nyimbo za Waafrika zinaarifu kwamba hapa ni Afrika; hazielezi Mwafrika aliyepokonywa ardhi alikuwa akiwaza nini. Udhaifu huo si wa mtaalamu aliyeshirikishwa, bali ni wa nafasi finyu zilizoachiwa nyimbo.

O Brother, Where Art Thou? ya ndugu Joel na Ethan Coen (2000), inayohusu Mississippi ya mwaka 1937, inakwenda njia nyingine. Muziki wake, uliosimamiwa na T Bone Burnett, ulirekodiwa kabla ya picha kupigwa. Mwanzoni wafungwa wanaonekana wakifanya kazi ngumu huku ukisikika "Po' Lazarus", wimbo aliounasa Alan Lomax mwaka 1959 katika gereza la Parchman, James Carter akiwaongoza wafungwa wenzake waliokuwa wakikata kuni. Mhakiki mkali atasema kwamba sauti ya 1959 haiwezi kuwa ushahidi wa 1937. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Mapigo ya shoka ndiyo mizani ya wimbo, na nyimbo za kazi za aina hiyo ni kongwe kuliko tarehe ya kunaswa kwake. Tarehe imekosewa, shughuli haikukosewa. Kwa sababu hiyo wimbo unasema jambo ambalo mazungumzo ya filamu hayalisemi.

Hata hivyo, haki ya wimbo haiishii katika matumizi yake. Carter alitafutwa, akapatikana Chicago akiwa mzee, akalipwa haki yake. Na albamu hiyo ikapata tuzo kuu ya Grammy mwaka 2002. Aliweza kutafutwa kwa sababu moja: jina lake liliandikwa siku wimbo uliponaswa.

Hapo ndipo Majoreni inaporudi katika hoja. Mkusanyaji anayenasa sengenya na kuandika "ngoma ya Wadigo" tu, amekwisha kuigeuza pambo kabla mtengeneza filamu hajafika. Jina la mwimbaji, shughuli, na maneno ya Kidigo pamoja na tafsiri yake ya Kiswahili ndivyo vinavyoufanya wimbo kuwa ushahidi. Kazi hiyo si ya watengeneza filamu. Ni ya idara za lugha.