Upupu, Kiwavi, na Jani Liwashalo la Nyanda za Juu za Kigoma

Mkulima wa Kasulu au Kibondo asomapo Mithali 24:31 katika Biblia ya Union Version ya mwaka 1952, hukuta kwamba shamba la mvivu limefunikwa na viwavi. Viwavi awajua sana: ni wadudu walao mahindi yake, na tangu viwavijeshi vamizi walipoonekana Tanzania mwaka 2017 hana haja ya kuelezwa zaidi. Basi huelewa wadudu, hali wafasiri walikusudia magugu. Wafasiri hawakubuni neno. Kiwavi kwa maana ya mmea uwashao ni neno la zamani, na kamusi zalitaja; ila maana hiyo imefifia vinywani mwa watu wengi, na watunzi wa kamusi waendelea kuiandika kana kwamba ingali hai.

Upupu, ambalo ndilo neno la pili wapewalo wafasiri, lina hatari kubwa zaidi. Upupu hasa ni Mucuna pruriens, mmea utambaao wa jamii ya kunde. Kiwashacho ni vinyweleo vya maganda yake, navyo hutoka upesi na kupeperushwa na upepo, hata vikampata mtu ambaye hakuugusa mmea wenyewe. Jani liwashalo la nchi za juu, yaani Urtica massaica na ndugu zake wa Laportea, ni la ukoo mwingine kabisa. Vinyweleo vyake vimo katika majani na shina, ni kama sindano za kioo: ncha hukatika ndani ya ngozi na kumwaga utomvu uchomao. Likichemshwa, ukali huo huisha, nalo huwa mboga. Wakikuyu, ambao huliita thabai, hulipondea pamoja na viazi na mahindi. Sasa na afikiriwe mfasiri wa kitabu cha lishe ambaye, kwa kuitii kamusi, aandika “chemsha upupu”. Kosa la kamusi limekwisha kuingia chunguni.

Je, neno litafutwe wapi? Kiha ni cha kundi moja na Kirundi na Kinyarwanda. Guthrie alikipa alama D66. Kinyarwanda kina igisura. Mwenye haraka angeiondoa irabu ya mwanzo, akalainisha kiambishi, akapata “kisura”. Nalo kwa Kiswahili, kama ajuavyo kila mtu, ni msichana mzuri wa sura! Ulinganifu wa sauti hauwezi kushika mahali pa ushahidi, na jina la Kiha halina budi kutoka kwa Waha wenyewe. Hata huko mkusanyaji yampasa kuandika nani asema nini, kwa kuwa tangu kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa mwaka 1996, wilaya ya Kasulu imekuwa na Kiswahili cha Kongo kando ya Kiha, na Kirundi nacho kimo.

Kwa toleo lijalo la kamusi yoyote, upupu na ubaki kwa mmea wa kunde peke yake. Kiwavi cha mmea kitiwe alama ya neno la kale. Mahali pa jani lenyewe paandikwe maelezo tu, bila jina la kuazima, mpaka jina lije kutoka Kasulu au Kibondo pamoja na tawi lake lililokaushwa.